Kilo Kumi na Saba

Mzani wa vyuma chakavu pale Gerezani
ulisema kilo kumi na saba,
na Sefu Kibwana akataja bei kama anauza jiko bovu.
"Shaba ya transfoma peke yake inanirudishia hela,"
nyundo tayari mkononi.
Nikamwambia ngoja.
Nikaongeza elfu tano, ile ya luku,
nikaibeba begani hadi Narung'ombe,
kishikio kikinichimba mfereji nyamani.

Haikuwa redio. Haikuwa televisheni.
Kila niliyepishana naye ngazini aliuliza inashika chaneli gani.
Osiloskopu, nilijibu, na jina likaanguka
katikati yetu kama sahani ya bati.
Basi nikasema: ni kioo cha kuutazamia umeme uso wake.
Hapo Mama Semeni wa vitumbua akaelewa, akanipisha.

Skrubu ishirini na mbili.
Ndani, nusu karne ya Dar es Salaam:
vumbi lililolewa chumvi likawa utando,
mayai ya mende yamepangwa chini ya valvu,
kapasita nne zimevimba kama mashavu ya mpiga zumari,
ya tano ilikwisha kulia, machozi yameganda kahawia.
Lakini nyaya! Zimefungwa kwa uzi wa nta,
fundo baada ya fundo, nafasi ileile,
kazi ya mikono isiyojua
kwamba siku moja ningekuja kuikagua.

Na ubavuni, juu ya bati, kwa penseli:
Kimepimwa. Machi 1974. R. Mkwizu.
Hivyo tu. Herufi nyembamba, za mtu
aliyefundishwa kutoutegemea wino.

Shomvi, ninayemfunza kazi, akasema:
"Fundi, za siku hizi zinaingia mfukoni, zina rangi nne."
Kweli. Sikuwa na jibu. Nikampa pamba na spiriti,
aanze na swichi, mguso mmoja mmoja,
asisugue, afute kama anafuta jicho la mtoto.
Siku tatu. Mimi nachambua maiti za televisheni
natafuta kapasita ya volti mia nne na hamsini.
Napata ya mia nne, nairudisha.
Hapo ndipo ufundi na njaa hugombana,
maana hata ya mia nne ingefanya kazi.
Mwezi mmoja.

Ijumaa, baada ya isha, tukaiunga na balbu ya wati mia,
umeme upite kwake kwanza kuomba ruhusa.
Balbu iking'aa na kubaki inang'aa, kuna shoti, tuna mzoga.
Iling'aa.
Shomvi akashika plagi.
Ikafifia polepole, kama hasira ya mtu aliyekumbushwa jambo,
hadi uzi wake ukabaki mwekundu, ncha ya udi.
Harufu ya vumbi la moto. Valvu moja, ya pili, zote.
Kisha katikati ya kioo, nukta ya kijani
ikajinyoosha
ikawa mstari.

Tukaionyesha umeme wa ukutani, kupitia transfoma ndogo.
Kitabuni wimbi ni kilima na bonde, laini.
Letu lilikuja limekatwa kichwa, lina meno,
na kila friji ya bucha la chini ilipoanza kuunguruma
mstari mzima ulishtuka.
"Mashine mbovu," akasema Shomvi.
"Au mtaa," nikasema.
Hatukuwa na cha kuamulia.
Mita yangu niliipima kwa mita nyingine,
na hiyo nyingine nilipimiwa kwa mdomo
na aliyeniuzia.

We R. Mkwizu, wewe ulipima kwa nini?

Nikachonga penseli kwa wembe.
Sikuandika Kimepimwa. Niliandika: Kimewaka,
na tarehe, na jina langu,
nikaacha chini yake nafasi ya mstari mmoja.
Nilipogeuka kutafuta bisibisi
Shomvi alikwisha kuijaza nafasi hiyo kwa jina lake,
kubwa, kwa kalamu ya wino.
Nikamwacha. Nikarudisha kifuniko.
Skrubu ishirini na moja; moja hatukuiona tena.